Kambambili kwenye njia za Masisi na Walikale: historia ya mguu uliokosa barabara

Mvua zikianza, magari hupungua kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi-centre. Baada ya hapo wamotari nao huanza kuchagua siku za kusafiri. Wanaobaki njiani ni watu wa miguu: mama mwenye kikapu cha viazi, kijana mwenye mfuko wa makala mgongoni, mwalimu anayerudi shuleni kwake, mchimbaji anayeelekea Rubaya. Ukiwatazama chini utakuta wengi wao wamevaa kitu kimoja. Ni kambambili, zile ndala za mpira ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita kandambili. Majina yote mawili yanaeleza umbo lake: kamba mbili au kanda mbili, na kipande cha mpira chini yake.

Mgeni anayefika na viatu vyake vizito vya mlimani hushangaa. Wapo wanaocheka, wapo wanaotuonea huruma, na siku hizi wapo wanaopiga picha na kuandika kwamba watu wa Kivu ni mashujaa wanaopanda milima na ndala. Sisi wakaaji wa huku tunajua kwamba wote hao hawajaelewa. Kambambili huvaliwa kwa sababu, na sababu hizo zina historia ndefu. Ndugu msomaji, ukiifuata historia hiyo utaona nani alijengewa barabara katika nchi hii na nani aliachiwa kinjia.

Nchi yenyewe inasemaje

Masisi ni milima. Malisho yake ya ng'ombe na mashamba yake ya viazi na maharagwe yako juu sana, mahali pengine zaidi ya mita 2000. Ukipita Nyabiondo na kuendelea kuelekea Kashebere na Kibua, nchi inaanza kushuka, baridi inapungua, miti inaongezeka, na mwishowe uko ndani ya msitu wa Walikale, chini ya mita 1000. Wilaya ya Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, na ndiyo kubwa kuliko wilaya zote za Kivu ya Kaskazini. Katika safari ya siku mbili mtu hukutana na udongo wa volkano, utelezi wa mfinyanzi, mawe, mizizi, matope ya kufika magotini na vijito visivyohesabika.

Katika nchi ya namna hiyo, kiatu cha kufunga kina shida zake. Ukivuka kijito cha kwanza kinajaa maji, na hakitakauka mpaka ufike. Ngozi inalainika ndani yake, malengelenge yanatokea, na mtu mwenye malengelenge hafiki na mzigo. Kambambili huoshwa mtoni na mguu hukauka baada ya dakika chache. Penye utelezi mkali mtu huzivua, huzishika mkononi au huzifunga kwenye mzigo, na vidole vya miguu vinashika udongo kama kucha. Kamba ikikatika, hushonwa kwa waya au kwa msumari uliopindwa, safari inaendelea.

Lakini tusiifanye kambambili kuwa malaika. Kwenye mteremko kamba huchomoka kwenye tundu lake, na mtu aliyebeba mfuko mzito huenda chini pamoja nao. Haimkingi mtu na nyoka, wala na kisiki, wala na udongo wenyewe, jambo ambalo tutalirudia. Ndiyo maana wengi hufunga kamba ya ziada nyuma ya kisigino, na mwenye uwezo hununua buti za mpira. Kwa hiyo anayetembea huku hupima mambo: maji, mteremko, uzito wa mzigo, na franga zilizoko mfukoni. Watu wamekuwa wakipima hivyo tangu zamani, hata kabla mpira haujafika.

Kabla ya mpira

Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa shujaa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Shujaa huyo ana jina la sifa, Kabutwakenda, maana yake mdogo aliyezaliwa na papo hapo akatembea. Hata asiyejua Kinyanga anasikia ndani ya jina hilo neno letu la kwenda. Watu wa msituni walipomtafutia mtoto wa ajabu sifa ya kwanza, walimpa sifa ya miguu.

Miguu hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa peku. Msituni ngozi ya mnyama haisaidii sana, inalowa na kuoza. Kiatu cha ngozi kilikuwa kitu cha nchi kavu, na hata neno kiatu lilipotajwa na watu wa pwani ya zamani lilimaanisha zaidi ndara ya kamba kuliko kiatu cha kufunga kama cha leo. Viatu hivyo vilikuja upande wetu na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, waliofika Manyema katika karne ya 19 kutafuta pembe na watumwa. Kiswahili chenyewe kilifika huku namna hiyo hiyo, kwa miguu ya wapagazi ambao kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita nchi yetu akitoka pwani ya mashariki. Mwezi wa sita alipanda Nyiragongo, kisha akaingia msituni kuelekea magharibi mpaka akautokea mto Kongo. Vitabu vinamtaja yeye kama mtu aliyevuka Afrika. Waliobeba mahema, vyakula na vyombo vyake juu ya mizizi ile ile tunayojikwaa sisi walikuwa wapagazi, na majina yao hayako kwenye ramani.

Misafara ilileta pia adui wa mguu. Funza, ambao wengine huwaita tekenya, hawakuwa wadudu wa Afrika. Walitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil iliwafikisha Ambriz, pwani ya Angola. Kutoka hapo walipanda na njia za mto Kongo, wakasafiri ndani ya vidole vya wapagazi na askari, na kabla ya mwaka 1900 walikuwa wamefika pwani ya Bahari ya Hindi. Chini ya miaka 30 mdudu mdogo asiyeweza kuruka mbali alivuka bara zima. Mguu peku ulikuwa ndio gari lake. Tangu siku hizo, kutembea bila kiatu kwenye vumbi la vijiji vyetu kumekuwa na bei ambayo mababu hawakuijua.

Mpira ulioondoka, mpira uliorudi

Hapa historia inaingia kwenye jambo gumu zaidi. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la mpira lenye upepo, na dunia nzima ikaanza kuutafuta mpira. Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, iliyodumu kutoka 1885 hadi 1908, iliulazimisha mpira huo utoke msituni kwa vitisho, mateka, viboko na bunduki. Waliokata mibungo ya mpira walikwenda peku. Mpira waliotoa ulikwenda kuzungusha baiskeli na magari ya Ulaya.

Mambo hayakwisha na Leopold. Katika vita kuu ya kwanza jeshi la Force Publique lilitoka upande wa Kivu na Ruzizi mpaka likauteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wapagazi waliotumikishwa na Wabelgiji katika vita hivyo walikuwa zaidi ya 200,000, na safari yao ilikuwa ya miguu kwenda na kurudi, kwa wale waliojaliwa kurudi.

Katika vita kuu ya pili, Wajapani walipoichukua Malaya mwaka 1942, mpira wa Asia ulikatika, na Wabelgiji wakawarudisha watu msituni. Siku za kazi za lazima kwa mwaka zilipandishwa kutoka 60 hadi 120. Nchi yetu ilijibu. Mwanzoni mwa mwaka 1944 ulizuka uasi ambao wanahistoria wanauita uasi wa Masisi-Lubutu, ukiongozwa na Bushiri, mtu wa dini ya Kitawala. Ulizimwa kwa nguvu na watu wengi waliuawa. Kazi za lazima, mpira na barabara vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha watu. Maana barabara hizo hizo tunazolilia leo zilichimbwa na babu zetu kwa majembe, na kwa sehemu kubwa zilichimbwa ili mazao ya mashamba ya wazungu na madini yapite.

Nyakati hizo kiatu kilikuwa alama ya cheo. Karani, mwalimu, katekista, hao walivaa viatu. Mfanyakazi wa shamba la kahawa alienda peku, hata wale maelfu walioletwa kutoka Rwanda kuja Masisi kati ya mwaka 1937 na 1955 kulima na kuchunga. Wazee wengi bado wanakumbuka desturi ya Jumapili: unakwenda misa na viatu mkononi au kichwani, unanawa miguu karibu na kanisa, unavivaa mlangoni, na misa ikiisha unavivua tena. Kiatu kilikuwa cha kuonwa. Kutembea kulikuwa kazi ya mguu.

Halafu mpira ukarudi. Ulirudi kwanza kama tairi lililochakaa. Katika Afrika yote ya Mashariki mafundi walijifunza kukata tairi kuukuu na kulifanya ndara: Wakenya wanaziita akala, Watanzania makatambuga, Waganda lugabire. Baadaye zikaja ndala nyepesi za kiwandani. Kiwanda cha Bata cha Limuru nchini Kenya kilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyoeneza viatu vya bei nafuu katika eneo letu. Kwa mara ya kwanza mkulima wa kawaida aliweza kununua kitu cha kuweka kati ya unyayo wake na nchi bila kuuza mbuzi.

Hata chukudu, farasi wetu wa mbao ambaye Goma ilimjengea sanamu katikati ya mji mwaka 2009, anaishi kwa mpira huo huo. Magurudumu yake ya mbao huvishwa kipande cha tairi. Anayeliendesha kutoka milima ya Masisi na viazi au makala hupiga goti juu ya kipande cha mpira, mara nyingi ndala iliyokwisha kazi ya kutembea. Kwetu mpira hautupwi upesi.

Waliotembea bila kuchagua

Kuna safari ambazo hakuna aliyepata nafasi ya kupima maji na mteremko. Katikati ya Novemba 1996 kambi za wakimbizi za Goma zilipovunjika, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walirudi kwao, na wengine kwa makumi ya maelfu wakaingia Masisi, wakashuka Walikale, wakaendelea hadi Tingi-Tingi karibu na Lubutu. Wakaaji wa vijiji vya kando ya njia hiyo hawajasahau miguu iliyovimba na ile iliyokuwa wazi. Wengi hawakufika. Waliokuwa wakiwafuata, wapiganaji wa AFDL ambao wengi wao walikuwa vijana wadogo, waliivuka nchi nzima na kuingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, na watu wa Kinshasa walishangaa kuona jeshi limeichukua nchi likiwa limevaa buti za mpira, zile zile za mkulima wa Masisi.

Mwaka 2002 kasiterite, yaani madini ya bati, ikagunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Hapakuwa na barabara. Kutoka Njingala, kwenye barabara kubwa, mtu aliingia msituni na kutembea zaidi ya kilomita 40. Wapagazi walitoka huko na mifuko ya kilo 50 mgongoni, wakipita vizuizi vya wenye silaha waliodai ushuru, wakilala njiani. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara kuu na kuruka nao hadi Goma. Ndugu msomaji, ipime sentensi hiyo. Lami iliyokuwepo ilikuwa uwanja wa ndege, na mahali palipohitaji barabara palikuwa na mgongo wa mtu na kambambili zake. Bati hilo liliingia katika simu na kompyuta za dunia. Hatua yake ya kwanza kutoka shimoni ilikuwa hatua ya mguu, kwenye matope.

Uchimbaji ulisimamishwa na serikali kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, kisha kampuni ya Alphamin ikajenga mgodi wa kisasa hapo Bisie, ambao ulianza kutoa bati kwa biashara mwaka 2019. Barabara ya kufika mgodini ilipatikana. Hiyo inatuonyesha kwamba barabara katika msitu wa Walikale haikuwa jambo lisilowezekana. Ilikosa mtu wa kuihitaji ambaye ana fedha. Watu wa Pinga, wa Ntoto, wa Kibua waliihitaji muda mrefu kabla.

Na kutembea hakujakwisha. Februari 2024 vita viliposogea Sake, watu walikimbilia Goma. Februari 2025 kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa, familia nyingi zilichukua njia ya kurudi Masisi na magodoro kichwani. Aliyekuwa na kambambili alikuwa na bahati, kwa sababu watoto wengi walikuwa hawana hata hizo.

Kitu kile kile, majina mawili

Mwaka 1984 huko Marekani, Mark Thatcher, aliyekuwa akiongoza watalii kwenye mto wa Grand Canyon, alianza kuuza ndara yenye mkanda wa kushika kifundo cha mguu ili isichukuliwe na maji. Aliipa jina la Teva. Leo wapo wapanda miamba na wapanda milima wa nchi tajiri wanaokwenda mpaka chini ya mwamba wakiwa na ndara, wakabadilisha viatu hapo tu, na wanaeleza sababu ambazo mpagazi wa Njingala angezitambua zote: ni nyepesi, zinakauka, mguu unapumua. Mkanda ule wa kisigino ni ile ile kamba ya ziada inayofungwa na vijana wetu. Tofauti ni kwamba yule anaitwa mjuzi wa milima na huyu anaitwa maskini.

Eritrea ilikataa tofauti hiyo. Wapiganaji wao walitembea milimani kwa miaka mingi na ndara za plastiki zinazoitwa shida, neno ambalo masikioni mwetu halihitaji mfasiri. Baada ya uhuru walijenga sanamu kubwa ya ndara hizo katikati ya Asmara.

Hata hivyo sanamu haiponyi mguu, na hapa ndipo tunarudi kwenye udongo. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza Ernest Price, aliyefanya kazi Ethiopia, alionyesha kwamba kuna aina ya matende isiyoletwa na mbu. Inaletwa na udongo mwekundu wa nchi za juu zenye asili ya volkano, ambao chembe zake huingia katika ngozi ya mtu anayelima peku kwa miaka mingi, mpaka miguu inavimba isirudi tena. Jina lake ni podokoniosisi. Jirani zetu wa Rwanda walipima nchi yao yote, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulisema wagonjwa wamepatikana katika wilaya zote 30. Milima ya Masisi ni ndugu ya milima hiyo, kwa udongo na kwa urefu.

Kinga yake ni mambo mawili: kuvaa kiatu na kuosha miguu kwa maji na sabuni kila siku. Kwa mkulima anayesimama shambani kutwa nzima, kambambili ni bora kuliko peku lakini haitoshi, kwa kuwa udongo unapanda juu yake. Kwa hiyo ndara inayofaa njiani inaweza isifae shambani. Aliye na uwezo wa jozi moja tu analazimika kuitumia popote, na hilo ndilo umaskini wenyewe. Ndara haina kosa.

Tunachoomba

Kila mpango wa amani na maendeleo unaofika huku unahesabu kilomita za barabara za magari. Ni vizuri, na ile ya Sake–Masisi–Walikale tumeingoja vya kutosha. Lakini wengi wetu tutaendelea kutembea, hata lami ikifika. Kwa hiyo wanaohesabu wahesabu pia njia za miguu: gogo lililooza juu ya kijito kati ya vijiji viwili, mteremko unaohitaji ngazi za mawe, mahali pa kunawa miguu karibu na shule na soko. Machifu na kamati za vijiji wanaweza kuanza na salongo ya siku moja bila kungoja Kinshasa. Na shule zinazowafukuza watoto kwa sababu hawajavaa viatu vya kufunga zingefanya vema kuwapokea na kambambili zao, kisha ziwape maji na sabuni.

Mpagazi anayepita Kashebere asubuhi hii ameshapima njia yake na amechagua kilicho bora kati ya alivyo navyo. Watu wake wamekuwa wakichagua hivyo tangu siku za misafara. Kilichobaki ni wale wanaonufaika na mzigo wake wamwongezee vitu vya kuchagua.